Namba Tatu ya Kanda

Bly Prairie, Iowa
2 Septemba 1993

Wifi Sigrid,

Naanza na habari mbaya ili tumalizane nayo. Mwaka huu hatutacheza na ninyi Oktoba. Wikiendi ile chuo chetu kina sherehe ya wahitimu wa zamani, na mkuu wa michezo anataka tuwe nyumbani na tushinde. Nimepata chuo kidogo cha Biblia kutoka kusini mwa jimbo. Wanakuja kwa furaha, na sidhani kama wana wachezaji wa akiba.

Najua utasema nakukimbia. Sema. Miaka mitatu mfululizo umenifunga, na miaka mitatu mfululizo mume wangu, ambaye kwa bahati yangu mbaya ni kaka yako, amesimama usawa wa mstari wa katikati akiwa na kofia ya chuo chako kichwani na skafu ya chuo changu shingoni, eti anatenda haki. Mwaka jana mlipofunga la pili niliona kofia inarushwa juu. Skafu sikuiona ikirushwa. Nimekaa na jambo hilo mwaka mzima.

Tulipokuwa tunacheza pamoja chuoni, wewe mshambuliaji na mimi beki, watu walikuwa wanasema Lavonne anazuia ili Sigrid afunge. Nimechoka kuzuia.

Sasa habari njema. Majukwaa yetu yamekamilika. Watu wa mjini wametoa mbao, na wakulima wamepiga misumari wenyewe. Unajua kwamba tangu nianzishe timu ya wasichana hapa Tollefson, haijawahi kuchezwa mechi hata moja ya mashindano ya taifa Bly Prairie. Kila tukifuzu tunapanda basi kwenda kwa watu, na huku mjini wanasikiliza matokeo kwenye redio. Mwaka huu nataka watu waje kwetu. Nikikosa mengine yote sijali, ila hilo nalitaka.

Tor anakusalimia. Watoto wanauliza shangazi atakuja lini. Mimi siulizi.

Lavonne


Alder Falls, Wisconsin
9 Septemba 1993

Wifi Lavonne,

Umenikimbia. Umeniambia niseme, nimesema. Na umeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningekucheka ukabadili mawazo.

Sasa nisikilize kama kocha, uwifi tuuweke pembeni. Ukinitoa mimi ukamweka huyo wa Biblia, utafunga mabao mengi na hutapata kitu. Kamati inayopanga namba za timu haihesabu ushindi peke yake. Wanatazama umecheza na nani, na huyo naye amecheza na nani, halafu timu mbili zikikaribiana wanauliza: walipokutana, nani alishinda? Namba moja na namba mbili wa kanda ndio kawaida wanakuwa wenyeji wa raundi ya kwanza, mradi wawe na kiwanja cha kueleweka na wageni waweze kufika kwa basi. Mimi na wewe tukifika hapo, jibu litakuwa kwamba hatukukutana, mmoja wetu alikuwa na sherehe.

Najua haya kwa sababu mwaka huu wameniingiza kwenye kamati ya kanda. Usishangilie. Chuo cha mjumbe kikianza kujadiliwa, mjumbe anatoka, anasimama koridoni kama mtoto aliyefukuzwa darasani mpaka wamwite. Kwa hiyo usiniombe kitu.

Habari za majukwaa yako nimezisikia mpaka huku. Ya kwetu Marquand ni ya saruji, yana viti, na Jumamosi yenye jua yanakaliwa na wazazi wa wachezaji, mlinzi wa chuo na upepo. Wanafunzi wangu wako maktaba. Kaka yangu wa pekee alivuka Mississippi mara moja kwenda kukutembelea, akauona mji wako, hakurudi. Sikulaumu, nakukumbusha tu.

Nibusie watoto.

Sigrid


Bly Prairie
25 Oktoba 1993

Wifi,

Tisa bila. Kipa wao alifumba macho kuomba kila tulipopata kona, na akiwa amefumba macho tulifunga. Sherehe ilifana, na mkuu wa michezo alinikumbatia mbele ya wahitimu.

Orodha ya kanda imetoka na bila shaka umeiona: wale wa Minnesota namba moja, sisi namba mbili, ninyi namba tatu. Nimeibandika kwenye mlango wa friji ili kaka yako akitafuta maziwa aione kwanza. Aliisoma yote kisha akasema, Sigrid naye yuko karibu. Nikamwambia maziwa yameisha.

Siombi kitu, ulishanikataza. Nakupa tu habari za nyumbani. Zile mechi mbili tulizofungwa Septemba, kipa wangu Marlys alikuwa amevunjika kidole, na golini alikaa beki ambaye hajawahi kudaka hata mpira wa watoto. Tangu Marlys arudi tumefungwa bao moja tu. Hilo haliko kwenye karatasi yoyote wanayosoma. Na kiwanja chetu, mtu akikiona kwenye ramani anaona mahindi pande tatu na barabara upande wa nne. Wewe umecheza hapa. Unajua maji hayatuami hata mvua inyeshe wiki nzima. Wajumbe wengine wote wa kamati yako wanatoka mashariki ya mto, hakuna hata mmoja aliyewahi kutuona. Ni wewe tu.

Wanawake wa kanisani wameshagawana kazi, nani aoke pai ya tofaa na nani ya boga, na wageni watakula bure. Mwenzao Bi. Zdenka amefanya majaribio ya kolachi zake, vile vimkate vya jamu, mara tatu, na watoto wa kaka yako wameumwa tumbo kwa niaba ya kanda nzima.

Wasichana wangu wanne wa mwaka wa mwisho hawajawahi kucheza mashindano mbele ya mama zao. Nakwambia tu.

Lavonne


Bly Prairie
8 Novemba 1993

Sigrid,

Jana tulikaa wote kwenye ukumbi wa chakula tukisubiri simu: wachezaji, wazazi, mchungaji, wanawake wa pai. Ilipolia niliweka spika ili kila mtu asikie. Ningesikia peke yangu ningepata nafasi ya kutengeneza uso.

Namba mbili, Marquand, mwenyeji. Namba tatu, Tollefson, atasafiri kwenda Marquand.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa juu yenu. Tangu hapo hatujafungwa, na ninyi mmetoka sare na watu ambao hata jina lao sikulijua. Marlys akauliza kwa sauti, bila ubaya, "Kocha, si huko ndiko kwa wifi yako?" Ukumbi mzima ukanigeukia. Bi. Zdenka alikuwa bado ameshika trei.

Basi nitasema ninachofikiri. Una mabao yako, una jina, una kiwanja ambacho watu wanakuja kukipiga picha, na una mume wangu, ambaye anakutaja mezani kabla hata hajasali. Mimi nilikuwa natamani kitu kimoja, na ulijua ni kipi kwa sababu nilikuandikia kwa mkono wangu. Umekichukua ukiwa umekaa kwenye kiti. Nakuonea wivu, Sigrid. Nimekuonea wivu tangu tulipolala chumba kimoja bwenini, na siku zote nilidhani ni ugonjwa wangu mimi. Leo naona nilikuwa na sababu.

Tor alijaribu kunituliza. Akasema, angalau nyasi zao ni nzuri. Sasa anakula kwa mama yangu mdogo.

Lavonne Aamodt
Kocha, Chuo cha Tollefson


Alder Falls
10 Novemba 1993

Lavonne,

Yanayosemwa kwenye chumba cha kamati hayaandikwi kwenye barua. Na hata ningetaka kukuandikia nisingeweza, maana Tollefson walipojadiliwa sikuwamo. Amini au usiamini.

Chumba cha kuvalia cha wageni kina joto na maji ya moto. Mechi yenu ya kwanza ni Ijumaa mchana, yetu inafuata. Tukishinda wote wawili, tutakutana Jumamosi, sherehe au pasipo sherehe. Waambie wasichana waje na makoti mazito.

Kocha mwenzako,
Sigrid


Alder Falls, kwenye ngazi za ofisi yako
13 Novemba 1993

Wifi,

Barua yako ilifika tukiwa tunapakia mipira kwenye basi. Sikuiamini. Hii naiandika wasichana wakiwa wanaoga, nitaipenyeza chini ya mlango wako kabla hatujaondoka.

Tumewatoa kwa penalti. Nilikuwa nimepanga kukucheka usoni, nimelipanga hilo tangu Jumapili. Tulipopeana mikono wako ulikuwa wa baridi, nikashindwa. Tor alisimama usawa wa mstari bila kofia wala skafu, na mwisho alikuja kwangu kwanza. Nilihesabu.

Halafu mwenyekiti wenu wa kamati, Bwana Whitlock, akaja kunipongeza. Nikamwambia moja kwa moja kwamba namba tatu haikuwa namba yetu. Akanitazama sana, nadhani alinionea huruma, akasema hapaswi kusema lakini kuna jambo moja atanieleza. "Wifi yako alitoka chumbani mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza kwa chuo chake, kama kanuni inavyotaka. Mara ya pili kwa chuo chako. Hakuna aliyemtaka atoke." Mlango ulipofungwa, Whitlock aliuliza kama kuna mjumbe yeyote aliyewahi kuona Tollefson wakicheza. Hakuna. Wakabaki na karatasi. Kwenye karatasi tulikuwa na mechi mbili za kufungwa na tisa bila dhidi ya chuo cha Biblia, na pale ambapo kila mwaka huandikwa Marquand hapakuwa na kitu. Wakatushusha.

Kwanza niliona aibu. Nilikutukana kwa jambo ambalo hukulifanya, na nimepanda ngazi hizi ili nikuombe radhi. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga kichwani. Kisha nimekaa hapa, nikafikiri kama beki anavyofikiri, nikatazama mchezaji alikuwa anaelekea wapi kabla mpira haujafika. Ulijua humo ndani hakuna mwingine anayetujua. Nilikuandikia. Kanuni haikukutoa, umejitoa mwenyewe. Na sasa kila mtu atasema Sigrid ni mwaminifu kupita kiasi, na Tor atalisema hilo mezani.

Kesho kamati inaamua raundi ijayo itachezwa wapi. Siombi. Nataka jibu la swali moja tu. Kule koridoni, ulikuwa unafikiri nini?

Lavonne


Alder Falls
14 Novemba 1993

Wifi Lavonne,

Nilikuwa nafurahi.

Nilitoka nikijiambia ni heshima. Ni mke wa kaka yangu, watu wasije wakasema. Niliwaambia hivyo na wakaniheshimu, Whitlock alinifungulia mlango. Ulipofungwa nyuma yangu nilisikia raha, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Nilijua watakushusha. Sikuhitaji kusema neno baya hata moja juu yako, nilihitaji nisiwepo tu. Nikasimama pale nikisoma tangazo la kwaya huku natabasamu.

Unafikiri wewe ndiye mwenye wivu katika familia hii. Jana nilikuwa mwenyeji, si ndicho ulichokuwa unakililia? Uliona waliokuja kwa ajili yangu? Mabasi yako mawili ya mashabiki yalijaza majukwaa yangu. Bi. Zdenka aliwalisha wazazi wa wachezaji wangu kolachi mpaka wakasahau wako upande gani. Wakati wa penalti, uwanja wangu mwenyewe ulikuwa unaimba jina la kipa wako. Watu wananiheshimu, Lavonne, wananipa mkono na kwenda zao. Wewe wanakupigia misumari. Ningekuwa nimeshahamia huko zamani kama kaka yangu, ila huko ningekuwa nani? Wifi ya kocha.

Barua yako nimeikuta asubuhi, nikaisoma nimesimama na ufunguo mkononi. Baada ya hapo kamati ikakutana kwa simu. Wale wa Minnesota wametolewa na Carrow wa Illinois, kwa hiyo mmebaki ninyi na Carrow, na kwa namba ninyi mko juu. Lakini namba si kila kitu. Carrow wana uwanja wenye taa na uzio, na wajumbe wawili walishaanza kuuliza kuhusu mahindi. Whitlock akaniuliza, "Sigrid, utakata simu kama siku ile ulivyotoka?" Nikamjibu, "Hapana. Leo nabaki."

Nikawaambia habari ya kidole cha Marlys. Nikawaambia maji hayatuami, na majukwaa nimeyasikia ni imara. Nikawaambia pia kona ya kaskazini imeinama kidogo na vyoo vya wageni viko mbali, kwa sababu nilitaka waamini na mengine. Mmoja akasema, "Si hao ndio waliokutoa jana?" Nikasema ndio hao, kwa hiyo nawajua.

Utapigiwa simu kabla barua hii haijakufikia. Ni kwenu, Jumamosi. Usinishukuru, nitaumia zaidi.

Sigrid


Bly Prairie
21 Novemba 1993

Wifi Sigrid,

Ulikuwepo na uliona. Ila uliona kutoka juu ya majukwaa, nami nataka ujue ilivyokuwa huku chini.

Barua yako niliipata Jumatano. Tor aliuliza umeandika nini, nikamwambia ni mambo ya mashindano. Kwa muda nilitaka kumpigia Whitlock nimwambie wapelekeeni Carrow. Tangu nianze kazi hii nimeutaka uenyeji, na sasa umekuja kutoka mikononi mwako. Niliinua simu nikaiweka. Nilifikiria wale wanne wa mwaka wa mwisho na mama zao, nikaona sina haki ya kukuchukia kwa kutumia siku yao.

Kufikia Ijumaa mji mzima ulikuwa unajua umetusemea. Whitlock alimwambia mkuu wa michezo wetu, na mkuu wa michezo wetu hajawahi kuwa na siri. Ndiyo maana ulipoingia walisimama wakakupigia makofi. Uliyaona hayo. Usiloliona ni kwamba mimi nilikuwa natoka na wachezaji wangu wakati huo huo, kwenye mechi ya kwanza ya taifa kuchezwa hapa, na makofi yaliyokuwa yanapigwa yalikuwa yako. Ulikuwa umesimama na kipande cha pai, umeona haya. Nikasema moyoni, mwanamke huyu ameninyima akafurahi, na amenipa akashangiliwa. Hapotezi kitu. Dakika kumi za mwanzo sikuona mpira, nilikuwa nakuona wewe.

Tumefungwa moja bila. Bao la kichwa, beki wangu alichelewa hatua moja, na mimi niliyemfundisha nilichelewa kumwita. Filimbi ya mwisho ilipolia nilisubiri watu waanze kuondoka. Hawakuondoka. Walibaki kwenye baridi ile, wengine wamesimama juu ya matrekta nyuma ya goli, wakaanza kuwaita wasichana jina kwa jina, mpaka wa akiba ambao hawakuingia. Nilikuwa nimejiandaa kulia, sikulia. Tukifungwa kwa watu tunapanda basi na hakuna anayesema neno hadi Iowa. Jana tuliletewa supu, na mama yake Marlys alimkumbatia mwanawe akiwa na matope yote yale, hakujali koti lake la kanisani.

Hapo ndipo nilipokutafuta, nikuonyeshe kwamba hiki huna. Nikakuona umekaa peke yako kwenye safu ya juu kabisa. Hukuwa unamtazama Tor, wala mimi. Ulikuwa unawatazama watu wangu, na ulikuwa unalia waziwazi bila leso. Niliujua uso ule. Ni wangu, nauvaa kila mwaka mwezi Oktoba nikiitazama timu yako. Sikuwahi kufikiri kwamba na wewe unao.

Sijakusamehe. Na wewe usinisamehe haraka, kwa sababu nilipokufuta kwenye ratiba nilifurahi vilevile ulivyofurahi, nikanunua na keki. Hatukuwa na haja ya kamati kutuharibia, tuliifanya kazi hiyo wenyewe.

Leo baada ya ibada nimempigia yule kocha wa Biblia, nikamwambia mwakani Oktoba nina mgeni mwingine. Alishusha pumzi, akaniombea baraka kwa sauti iliyotoka moyoni. Mechi iwe hapa kwetu. Njoo na timu kamili, usinipunguzie hata mchezaji mmoja kwa huruma, maana nakusudia kukufunga mbele ya watu hawa ambao unawatamani. Utalala chumba cha juu, watoto wameanza kugombana nani atalala na shangazi.

Na ukinifunga wewe, wifi, usitoke nje. Furahi hapo hapo, nikikuona.

Lavonne